Kiti cha Nyuma cha Bihogo

Kitu cha kwanza nilichokiona kwenye ile pikipiki ni vikanyagio vya nyuma. Si taa yake kubwa, wala rangi yake ya kahawia inayokaribia wekundu. Mpira wa kikanyagio cha kulia ulikuwa umelika mpaka mistari yake imefutika, na wa kushoto ulikuwa umelika nusu tu. Nikajiambia, hapa alikaa mtu. Alikaa safari ndefu, siku nyingi, akiegemea upande mmoja ili aone njia kupitia bega la dereva.

Sikumwambia yeyote. Tangu utotoni mimi huona vitu nikavinyamazia. Hata shule niliiachia darasa la tano kwa sababu hiyo. Mwalimu alikuwa akiniita ubaoni, nami nasimama nimeshika chaki mpaka kengele inalia. Baadaye mama alinikalisha kwenye cherehani barazani, na cherehani haiulizi maswali.

Ilikuwa mwezi wa saba, mwaka 1993. Nilikuwa nimempelekea baba chakula cha mchana kwenye ua wa Libère, mjini. Libère alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyenunua vitu vya Wazungu waliokuwa wakiondoka Kigali tangu vita vianze: friji, vitanda, magari, mara moja hata kinanda. Siku hiyo alikuwa na pikipiki mbili. Moja ilikuwa nyembamba na ndefu, ya magurudumu yenye meno, iliyotoka misheni. Nyingine ndiyo hiyo ya vikanyagio vilivyolika. Ilikuwa ya Kijerumani, pana, yenye kioo mbele cha kukinga upepo, masanduku mawili pembeni, na mitungi miwili ya injini iliyotokeza kulia na kushoto kama viwiko vya mtu anayepita katikati ya umati. Mwenyewe wa kwanza alikuwa Mzungu, mhandisi wa barabara.

Baba yangu anaitwa Nduwayo, fundi wa magari. Alikimbia mauaji ya Burundi mwaka 1972, kwa miguu, akiwa kijana, akamwacha mama yake kilimani karibu na Kayanza. Mama yangu, Pudentienne, ni mzaliwa wa Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, ndiyo maana nyumbani tunasema Kiswahili, na hapa Rwezamenyo, mtaa wetu wa Kigali, hilo halimshangazi mtu. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Burundi niliijua kwa masikio tu. Lakini mwaka ule kulikuwa na uchaguzi kule, na watu wa kwetu wakaanza kuvuka kurudi kuangalia makwao. Mmoja wao akatuletea habari kwamba bibi yuko hai, haoni vizuri, ila yuko hai, na anauliza.

Ndipo baba akasema anataka pikipiki. Mama alitaka kiwanja. Walisemezana wiki nzima, mwisho mama akasema, "Nenda basi. Kiwanja hakizeeki, mama yako anazeeka."

Libère alimsihi pale uani, akimwita kwa jina langu kama wote.

"Baba Josi, nakuheshimu, lakini hiyo ni pikipiki ya lami. Lami kwetu iko wapi? Ukiacha tu barabara kubwa, matope. Chukua hii ya mapadri. Hii inapanda hata mti."

"Mti sina haja nao," baba akasema. "Mimi naenda Kayanza. Lami mpaka Butare, lami mpaka mpakani Kanyaru, lami mpaka Kayanza. Kutoka hapo mpaka kwa mama, nitaisukuma."

Alitia kiganja kwenye mtungi mmoja, kisha mwingine.

"Ya baridi. Vizuri. Muuzaji mwongo huipasha moto kabla hujafika."

"Mwongo nani hapa?"

"Nimesema muuzaji. Sijasema Libère."

Alifungua tangi akanusa. Alichovya kidole kwenye oili, akakisugua, akakiangalia juani. Alizungusha gurudumu la nyuma polepole, sikio lake likiwa karibu, kwa sababu pikipiki ile haina mnyororo. Ina chuma kinachozunguka ndani ya bomba, na baba alisema hicho ndicho alichokipendea, hakuna cha kukatika njiani. Kisha akaiwasha. Iliyumba kidogo upande wa kulia, kama mtu anayeamka, halafu ikatulia. Mlio wake ulikuwa wa chini. Baba alifumba macho. Sikuwahi kumwona amefumba macho mbele ya watu.

"Mama," akaniita. Ndivyo anavyoniita mimi. "Hebu panda nyuma, nione springi zinavyolala."

Nilitikisa kichwa.

"Ni hapa hapa uani. Haiendi popote."

Nilishika bakuli kwa mikono miwili na kutazama chini. Kulikuwa na mafundi wanne uani, wote wameacha kazi wanatazama. Nilikuwa nimevaa sketi. Kwetu msichana hapigi mluzi, hapandi juu ya paa, na hatanui magoti mbele za watu. Hayo hakuna mtu aliyekaa chini akakufundisha. Unayakuta tu mwilini mwako.

"Basi panda wewe, Libère."

"Mimi? Mimi ni mifuko miwili ya saruji!"

"Afadhali. Ikikuvumilia wewe, binti yangu ni unyoya."

Libère alipanda kwa taabu, mafundi wakacheka, springi zikalala kidogo na kusimama. Baba alipiga kiti kwa kiganja, kile cha nyuma, mara mbili.

"Hii hii," akasema.

Nilifikiri amependa injini. Miezi mingi baadaye mama aliniambia kwamba ile ya mapadri ilikuwa na kiti kifupi cha mtu mmoja, na baba tangu asubuhi ya kwanza alikuwa ameshaikataa kwa ajili hiyo. Hakwenda kutafuta pikipiki ya kumfikisha yeye kwa mama yake. Alitafuta ya watu wawili.

Aliipa jina Bihogo, kama anavyoitwa ng'ombe wa rangi hiyo, na Jumapili iliyofuata alifanya kama mtu aliyepewa ng'ombe kweli. Aliwaalika majirani kuja kuitazama, akawanywesha pombe ya ndizi. Wazee walizunguka pikipiki mikono nyuma, wakatazama pembe zake, yaani usukani.

"Inatoa maziwa kiasi gani, Baba Josi?"

"Haitoi. Inakunywa tu."

"Basi ni dume!"

Nimeshaona watu wakinunua kitu wakakichoka kabla ya mwezi kuisha. Baba hakuwa hivyo. Pikipiki ile ilimfaa kama kiatu kilichoshonwa kwa mguu wake. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye mabega yaliyoinama kwa kuishi chini ya magari. Akirudi kutoka barabara ya Gitarama anakuwa amenyooka, anazungumza mpaka chai inapoa. Alitueleza kona moja moja, jinsi Bihogo inavyolala upande bila kutetemeka, jinsi kioo kinavyoondoa upepo kifuani mpaka unaweza kuimba. Masanduku yalirudi na parachichi, siku nyingine na mihogo, siku moja na kuku hai aliyetoa kichwa nje akistaajabu. Mvua iliponyesha mtaa wetu uligeuka tope, na baba alishuka akaisukuma kutoka barabarani mpaka mlangoni, watu wakimcheka, naye akicheka pamoja nao. Sikumsikia akijuta hata siku moja. Majuto ya nyumba ile nimeyabeba mimi.

Jambo la bibi lilikuwa hivi. Nilipozaliwa, habari ilimfikia baada ya miezi, mtu kwa mtu. Akatengeneza ngozi ya kondoo, ile laini ya kubebea mtoto mgongoni, tunayoiita ingobyi. Mimi ndiye mjukuu wake wa kwanza kwa mwanawe wa kwanza, na alitaka kunibeba yeye kabla ya mtu mwingine. Hakukuwa na njia ya kuituma wala ya mimi kwenda. Akaiweka. Yule aliyetuletea habari alisema bado anayo, anaipaka siagi kila mwaka isikauke, na anasema, "Mleteni. Hata kama miguu yake itaburuta chini, nitambeba hatua tatu."

Tulicheka sana. Nilikuwa na miaka kumi na tisa.

Baba alipata ruhusa kazini wiki ya kwanza ya mwezi wa tisa, na karatasi za kuvukia, zake na zangu. Alinunua helmeti ya pili, nyeupe. Akaniketisha barazani akanieleza kama anavyomweleza fundi mpya.

"Hii haikaliwi upande kama baiskeli, mama. Ukikaa upande, kwenye kona itakumwaga. Mguu huku, mguu huku, na unanishika kiunoni. Utahitaji suruali."

"Ndiyo baba," nikasema.

Na nilikuwa na nia. Nataka hilo lieleweke. Nilichukua kitambaa cha kaki kilichobaki kwenye sare za shule, nikajipima mwenyewe mchana mama akiwa sokoni, nikashona suruali. Nilishona mishono miwili miwili kwenye magoti. Niliweka mifuko. Nilipoivaa nyuma ya pazia na kupiga hatua, miguu yangu ilikuwa kama ya mtu mwingine, mtu mwenye safari. Niliikunja nikaiweka chini ya godoro. Sikumwonyesha yeyote, hata mama. Nilitaka waione asubuhi ya siku yenyewe, nikiwa nimeshapanda, wakati hakuna tena nafasi ya kusema.

Ijumaa jioni nilikwenda kuchota maji. Mukabalisa, muuza mkaa wa ng'ambo ya njia, alikuwa bombani na wanawake wengine. Si mtu mbaya. Mama alipougua ndiye aliyetupikia. Lakini ulimi wake haulali.

"Heh, Josi! Nasikia kesho unapanda farasi!"

Nikaweka ndoo yangu kwenye foleni.

"Miguu huku na huku kama sajini! Na utavaa nini, kaptula ya baba yako?"

"Mwache mtoto," mwingine akasema.

"Mtoto gani? Huyu ni wa kuolewa. Sasa mume atakuja kuuliza Rwezamenyo, msichana yupi? Watamwambia, yule wa kutanua miguu kwenye pikipiki, toka hapa mpaka Burundi!"

Wanawake wakacheka. Pale kwenye kona wanaume waliokuwa wakicheza bao wakainua vichwa. Mmoja aliuliza kuna nini, na Mukabalisa, kwa furaha yake, akarudia yote kwa sauti.

Angekuwa msichana mwingine angemjibu. Joselyne mwingine angesema, "Ndiyo, na wewe nitakubebea mkaa," wangecheka, ingeisha. Mimi niliondoka na ndoo nusu. Usiku ule nilijiona napanda mbele ya mlango, kona nzima inatazama, na kila nilipofumba macho suruali ilizidi kubana.

Saa kumi na mbili asubuhi baba alikuwa anaipasha Bihogo moto nje. Nilisikia akiniita. Nikajifunika blanketi mpaka kidevuni.

"Nina homa," nikasema.

Mama alikuja akaweka kiganja kwenye paji langu. Alikiacha pale muda. Alinitazama, nami nikatazama ukuta.

"Ana homa?" baba akauliza mlangoni. Alikuwa ameshika zile helmeti mbili.

Mama aliondoa kiganja kwenye paji langu. Kisha akasema, "Mwache alale."

"Basi tungoje. Tutaenda wiki ijayo."

"Wiki ijayo hawatakupa ruhusa. Nenda umwone mama yako. Huyu utampeleka Noeli."

Baba aliingia, akachuchumaa karibu na kitanda. Alinuka petroli na sabuni. "Malaria hii," akasema. "Ni mbu wa kile kinamasi cha bondeni. Pole, mama. Ungeona kona ya Kanyaru." Aliitundika helmeti nyeupe kwenye msumari juu ya cherehani yangu. Halafu nilisikia akifunga kamba. Alikuwa anafunga mfuko wa sukari kwenye kiti cha nyuma, zawadi ya bibi, mahali pangu.

Mlio ulishuka mtaani, ukapanda barabara kubwa, ukapotea. Nilipotoka nje, mtaa ulikuwa mtupu. Mukabalisa hakuwa amefungua. Wale wa bao walikuwa bado wamelala. Hapakuwa na mtu hata mmoja wa kunitazama.

Baba alirudi Jumapili jioni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikaa na hakuvua hata koti.

"Hakunitambua," akasema. "Nimesimama uani, nimesema ni mimi, akasema mwanangu alikuwa mwembamba. Mpaka aliposhika kovu hili la kisigino. Akanipiga kofi kwanza. Halafu akalia."

"Na Bihogo?" mama akauliza, kwa sababu baba alikuwa ameanza kulia mwenyewe.

"Ameipapasa yote. Amesema ni ng'ombe mzuri ila ana joto." Alifuta uso. "Akafika nyuma, akashika ule mfuko. Anafikiri ni mtu. Anauliza, huyu ndiye? Mbona hasemi? Nikamwambia, mama, huyo ni sukari. Mtoto ana homa. Akasema, basi sukari ishuke."

Bibi alikuwa amemwonyesha ile ngozi. Baba alimwomba aje nayo, bibi akakataa. Alisema, mtoto aje mwenyewe aichukue mgongoni mwangu.

Tukapanga Noeli. Safari hii nilisema ndiyo kwa sauti, mbele ya watu, na baba akafurahi mpaka akaninunulia chandarua. Aliniambia hataki homa nyingine izuie. Akakifunga mwenyewe juu ya kitanda changu, akakaza kila kona kwa waya, akiwa amepanda juu ya kiti kama anatengeneza gari la waziri.

Mwezi wa kumi, redio ilisema yaliyosemwa. Rais aliyechaguliwa kule Burundi ameuawa, na baada ya siku mbili tatu watu walianza kumiminika Kanyaru, maelfu, na vichwa vyao vimebeba magodoro. Baba alichukua Bihogo akaenda kwenye kambi za upande wa Butare. Alikwenda Jumamosi nne. Alikwenda hema kwa hema, akitaja jina la kilima chetu. Ya nne akampata mwanamke aliyekuwa jirani wa bibi.

Alituambia mara moja tu, na hajarudia. Nyumba zilipochomwa walijificha kwenye mafunjo, ndani ya maji, usiku mbili. Bibi alikuwa ametoka na kitu kimoja, ile ngozi. Mwanamke huyo alikuwa na mtoto mchanga anatetemeka. Bibi akamwambia, mfunge kwa hii. Asubuhi ya tatu bibi hakuamka. Ilikuwa baridi tu, alisema yule mwanamke. Hakuna aliyemgusa.

"Ngozi nimeiona," baba akasema. "Mtoto alikuwa ndani yake, amelala."

"Hukuiomba?" mama akauliza.

"Ningemtoa mtoto nimweke wapi?"

Sasa ni mwezi wa tatu, 1994, na mvua haikatiki. Bihogo imesimama chini ya turubai kando ya ukuta. Petroli ni shida na barabarani kuna vizuizi vingi, kwa hiyo baba haendi nayo mbali. Lakini kila Jumamosi mchana anafunua turubai, anaiwasha, anaisikiliza amefumba macho. Bado anaipenda vile vile. Anaifuta kioo, masanduku, mitungi, na mwisho anachuchumaa kufuta vikanyagio vya nyuma, ambavyo havina uchafu wowote kwa kuwa hakuna aliyevikanyaga. Kile cha kulia kilimalizwa na yule Mzungu asiyejulikana aliyekaa nyuma. Kilichobaki ningekimaliza mimi. Barazani nakanyaga cherehani yangu, na mlio wake unafunikwa na ule wa Bihogo.

Jumamosi iliyopita aliinua kichwa akanitazama.

"Wale mbu," akasema. "Kama si wale mbu, mama, ungemwona."

Nikaendelea kushona. Mama, aliyekuwa akichambua mchele, akaacha mkono wake hewani, akangoja. Nilijua ananingojea mimi. Nikakata uzi kwa meno, nikaanza mshono mwingine.

Kila ninapolala, naona kile chandarua juu yangu kimekazwa vizuri, kona zote nne. Kesho kutwa ni Jumamosi tena. Nayaandika haya kwanza ili mdomo uyazoee.

Baba, siku ile sikuwa na homa. Suruali ilikuwa tayari.